Vishamba vya Nyota

Prof hakununua maharagwe kama watu wengine. Sokoni alichuchumaa mbele ya gunia, akachota kiganja kimoja juu, akaingiza mkono mpaka kiwiko akachota kingine katikati, kisha akaomba gunia lilazwe ili achote na chini. Yote aliyamwaga kwenye ungo, akatenga yaliyotobolewa na wadudu, akayatazama yaliyobaki, ndipo akasema anachukua au hachukui. Mwenye gunia alikuwa Hadji, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Malori yake yalifika hadi Kapanga, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi wa Katanga. Siku moja nilikuwa nyuma ya Prof nikingoja zamu yangu, na Hadji akachoka.

"Mwalimu," alisema, "unanunua maharagwe au unayafanyia mtihani?"

Prof akajibu bila kuinua kichwa. "Hadji, gunia iko mukubwa, na mi niko na macho mbili tu. Nitaona yote lini?"

Nilicheka pamoja na wengine. Sikujua bado kwamba mtu huyu alikuwa ameshatumia nusu ya ujana wake juu ya swali hilo hilo, na kwamba gunia lake halisi halikuwa la maharagwe.

Kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Prof, hata kama ana suruali moja. Yeye alifundisha hisabati na fizikia katika lise ya mjini Kolwezi, na nyumba yake ilipakana na yangu, tukitenganishwa na ua wa michongoma. Jina lake sitalitaja. Miaka ile serikali ilipoamuru kila mtu aache jina la Kizungu na kujitwalia la mababu, alijitwalia, lakini hakulipenda hili jipya na alikuwa hakulipenda lile la zamani. Prof lilimtosha. Hata mkewe alimwita hivyo, na sisi tulimwita mkewe Mama Prof.

Mimi nilifanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya madini, labo kama tulivyosema. Kazi yangu ilikuwa eshantiyo, yaani kuchukua sampuli. Behewa la mawe ya shaba likiingia, huwezi kulisaga lote ili ujue lina shaba kiasi gani. Unachukua koleo hapa, koleo pale, unachanganya, unarundika, unaligawa rundo mafungu manne, unatupa mawili, unachanganya tena, hivyo hivyo mpaka kinabaki kitu cha kujaa kijiko. Kijiko kile ndicho kitakachosema kwa niaba ya behewa zima. Prof alipoleta darasa lake kuona kazi hiyo, wanafunzi walipiga miayo. Yeye alisimama kama mtu anayesikiliza mahubiri. Mwishoni aliuliza swali moja tu: nani anachagua koleo lizame wapi?

Nikamjibu hakuna anayechagua. Mahali pa kuchota tumepapanga kabla behewa halijafika, kwa sababu jicho la mtu linapenda jiwe la kijani, lenye shaba nyingi, na mkono hufuata jicho.

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Jioni alikuja mpaka kwenye ua, akasema, "Ndugu, ile kazi yako, mi niliifanya mu mbingu."

Ndivyo tulivyoanza. Ilikuwa kiangazi, na giza kwetu huingia mapema, kabla hata sufuria ya bukari, ugali wetu, haijatolewa motoni. Alinieleza pale pale tumesimama. Alipokuwa mwanafunzi Ubelgiji alipata kazi katika nyumba ya kutazamia nyota. Wakubwa wa kazi ile walitaka kujua umbo la mji wetu wa nyota, huu ambao tukiwa ndani yake tunauona kama mkanda mweupe uliokatiza mbinguni. Nyota ni nyingi kupita hesabu ya mtu yeyote. Basi wataalamu wa zamani waliipangia mbingu yote vishamba vidogo, kimoja hapa, kingine pale, kwa nafasi zilizo sawa, bila kujali kama mahali ni pazuri au pabaya. Kila kishamba kikapigwa picha kwenye kioo. Halafu vijana kama yeye wakakaa na miwani ya kukuzia, wakahesabu nyota za kishamba kimoja kimoja na kupima mwanga wa kila nyota. Wanahesabu zinazong'aa sana, kisha zilizofifia kidogo, kisha zilizofifia zaidi. Idadi ikiendelea kupanda kadiri unavyoshuka kwenye zile hafifu, mji unaendelea upande ule. Ikianza kupungua, umekaribia ukingo.

Nikamuuliza mwanga unapimwaje, maana hauna kilo. Akaniuliza mimi najuaje kwamba mizani na dawa zetu za labo hazijanidanganya. Nikamwambia tuna mawe ya mfano, ambayo shaba yake inajulikana tayari, na kila asubuhi tunaanza kwa kuyapima hayo. Akapiga kofi la furaha. Kumbe na wao, katika kila kishamba kulikuwa na nyota za mfano, ambazo mwanga wake ulishapimwa na kupimwa tena, na nyota nyingine zote zililinganishwa nazo.

"Nyota haipimwi peke yake," alisema. "Unaiweka katikati ya benzake babili, mumoja anaipita, mungine inamupita. Pale tu ndipo unajua."

Maneno hayo aliyatumia kwa kila kitu. Mwanafunzi hakupimwa peke yake, wala mchumba, wala waziri. Alikuwa na msemo mwingine, kwamba hesabu ya mtu mmoja ni maoni, na kwa ajili ya huo nikajikuta nimepewa kazi. Alikuwa na fremu ya waya ya mraba yenye kamba. Kamba unaibana kwa meno, fremu unaisukuma mbele mpaka kamba ikaze, na kipande cha mbingu kilichomo ndani ndicho kishamba chako. Alihesabu kwa macho matupu kwanza, halafu kwa darubini ya macho mawili aliyoachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao. Akimaliza ananipa mimi, anageukia ukutani asinione midomo. Nikimaliza tunataja. Tukitofautiana sana tunarudia, na mke wangu anaita kwa mara ya tatu kwamba chakula kimepoa. Majibu aliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko la Mama Prof, naye alikatazwa kuufuta. Mlango ule ulikuwa mweupe kama ukuta wa kanisa. Mama Prof alikuwa akisema wanawake wenzake wana waume wenye wake wa nje, yeye ana mume mwenye mlango.

Lakini ukimwona mchana usingemdhania mtu wa nyota. Alitembea ameinamisha kichwa, akitazama ardhi mbele ya viatu vyake, mikono nyuma, abakosti yake ya kaki, lile koti la Kizaire lisilovaliwa na tai, imejaa chaki mifukoni. Alipita watu bila kuwasalimu na walimwona ana majivuno. Ukweli ni kwamba nyuso zilimshinda. Mwanafunzi aliyemfundisha miaka miwili akikutana naye sokoni ilibidi ajitambulishe, na Prof alimwamkia kwa namba ya dawati lake.

Na aliogopa giza. Sielewi mpaka leo, lakini ndivyo. Akichelewa shuleni alirudi akipiga mluzi wa nyimbo za kanisa lake la Kiprotestanti, bila tuni, kwa nguvu, tangu kona ya barabara mpaka mlangoni, na mtaa mzima ulijua Prof anakuja na anaogopa. Uani kwake alikaa kutazama juu ikiwa tu mlango wa jiko uko wazi nyuma yake na kuna mtu ndani. Nilimuuliza siku moja inawezekanaje. Akasema giza la juu lina taa, la chini halina. Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba hali pilipili.

Kuna habari ya taa ya barabarani ambayo mtaani kwetu ilisimuliwa kwa miaka. Mbele ya nyumba zetu kulikuwa na nguzo ya umeme, na taa yake ikaungua. Watu wote walikwenda kwa mkubwa wa mtaa kuomba itengenezwe, maana wezi wa kuku walikuwa wameshatujua kwa majina. Prof peke yake alikwenda kuomba isitengenezwe. Mkubwa wa mtaa alimuuliza kama ana ushirika na wezi. Ulikuwa ugomvi mkali. Jirani mmoja aliyepoteza bata watatu aliacha kumsalimia. Taa ikatengenezwa, na Prof alikaa ndani siku kadhaa kama mfiwa. Kisha Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani kwa ajili ya taifa, akapanda ngazi mwenyewe, yeye aliyekuwa hajui hata kupigilia msumari, akafunga juu ya taa kopo kubwa la mafuta alilolikata katikati. Mwanga ukashuka wote chini barabarani na juu hapakwenda kitu. Barabara ikawa nyeupe kuliko zamani. Yule wa bata alimletea mayai. Prof hakumtambua, akamuuliza yanauzwa bei gani.

Alinifundisha mambo mengi ambayo sikuyahitaji, na hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kubwa lilikuwa la vumbi. Kampuni ilimpa lori siku moja apeleke darasa la mwisho kuona bwawa la Nzilo, pale Lualaba ilipozuiwa kutupatia umeme, na mimi nilikwenda nao. Tulifika alfajiri na ukungu mzito. Hakutupeleka kwenye mitambo kwanza. Alituingiza kwenye msitu mdogo karibu na maji, akatutawanya, akasema kila mmoja ahesabu miti anayoiona pande zote nne. Tukahesabu. Kila mmoja alikuwa na miti karibu sawa kila upande. Akauliza, uko wapi ndani ya msitu? Mmoja mmoja wakajibu: katikati. Wote walikuwa katikati. Basi akaketi kwenye kisiki akangoja, nasi tukangoja. Jua lilipopanda na ukungu kuondoka, tukaona msitu wote ulikuwa nyuma yetu. Mbele, baada ya miti michache tu, palikuwa maji.

Ndani ya lori wakati wa kurudi ndipo alipoeleza. Wale mabwana wakubwa wa zamani, wenye vishamba vyao vilivyopangwa vizuri, walihesabu kwa uaminifu, na ramani waliyoichora ililiweka jua letu karibu na katikati ya mji wa nyota, kama chifu uani kwake. Hawakujua kwamba kati ya nyota na nyota kuna vumbi. Vumbi lilifunika za mbali, nao wakadhani mji umeishia pale. Kumbe tuko pembeni, mbali na katikati.

Msichana mmoja, mwenye sauti ndogo na maswali makubwa, akauliza kwa nini basi yeye Prof bado anahesabu, ikiwa kuhesabu kulidanganya.

"Hesabu haikukosa, mama," alimjibu. "Kiburi ndiyo ilikosa."

Akaongeza kwamba vishamba vile vile ndivyo vilivyosaidia baadaye kulipima vumbi lenyewe, na nyota zile za mfano bado watu wanalinganishia kazi zao. Kitu kilichopimwa vizuri hakipotei, alisema, hata aliyekipima akifa amekosea.

Sasa niseme juu ya hamu yake, maana bila hiyo nitakuwa nimechora mtu mwingine.

Kule Ubelgiji mbingu ya kusini haionekani. Iko chini ya ardhi, upande wa pili. Vishamba vya kusini vilipigwa picha na watu wa nchi nyingine, na picha zile hazikuwahi kufika kwenye meza yake. Alikuwa akijua namba zao zote, mahali pao pote, lakini nyota zilizomo hakuzipima hata moja. Aliporudi Zaire zikawa juu ya paa lake. Msalaba wa Kusini ulisimama juu ya jiko la mkewe, na kando yake lile doa jeusi ambalo ni vumbi lenyewe, linaonekana kwa macho. Na yeye ana fremu ya waya na darubini ya mmisionari.

"Kule nilikuwaka na chombo bila mbingu," aliniambia. "Hapa niko na mbingu bila chombo. Mungu iko anachekaka."

Halafu pakatokea mlango. Wenzake wa zamani walimkumbuka. Kulikuwa na nyumba mpya ya nyota juu ya milima, Amerika ya Kusini, penye hewa kavu na vyombo vikubwa, na walitaka mtu mwenye mkono wa zamani wa kupima mwanga, aje miaka miwili, avirudie vishamba vya kusini kimoja kimoja. Nauli juu yao. Alipokuja kuniambia alikuwa amevaa shati ndani nje. Kilichobaki ni ruhusa ya kutoka nchini, na ruhusa hiyo ilitoka Kinshasa. Alisafiri Kinshasa, akapelekwa ofisi hii na ile, akaambiwa arudi nyumbani atajulishwa. Kiangazi kimoja kikapita, na kingine. Katika miaka hiyo alikuwa mpole kuliko wakati wowote. Nilimkuta akisafisha meno ya kitana kwa sindano, akasema anazoeza vidole.

Vita ilipoingia Kolwezi, waasi walipouteka mji mwezi wa tano, ruhusa ilikuwa haijafika. Yaliyotokea siku zile kila mtu wa mji ule anayo yake, na mengi hayasemeki. Sisi tulikaa ndani, tumelala sakafuni, magodoro yameegemezwa madirishani, tukisikiliza milio na baadaye kimya, ambacho kilikuwa kibaya zaidi. Tulipotoka, barabarani kulikuwa na watu waliokufa, wengine tuliwajua. Majuma yalipita kabla hatujaanza kuzungumza tena kama majirani. Siku moja Prof alikaa nami kibarazani, akasema kuna jambo analo na hawezi kumwambia pasta.

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima wakati wa mapigano, migodi imezimwa, moshi umekoma. Usiku mmoja, mkewe na watoto wamelala kwa woga, alisogeza godoro kidogo dirishani ili apate hewa, akaiona mbingu. Hajawahi kuiona hivyo Kolwezi. Alisema ulikuwa wingi uliofanya asijue Msalaba uko wapi.

"Nilifurahi," aliniambia. "Batu banakufa pale inje, na mi nilifurahi."

Nilikwenda ndani nikaleta maji, akanywa, akaenda kwake.

Ruhusa ilifika muda mfupi baada ya hapo. Walimu wa kigeni walikuwa wameondolewa kwa ndege pamoja na Wazungu wengine, na wenyeji wengi walikuwa wamekimbilia Lubumbashi na hawakutaka kurudi. Lise ilifunguliwa na Prof akawa mwalimu pekee wa hisabati na fizikia, madarasa yote. Darasa la mwisho lilikuwa na mtihani wa taifa mbele yake, na kufeli mtihani ule maana yake ni kubaki ulivyo. Nilikuwapo alipoizungumza habari hiyo na mkewe, maana walizungumzia uani na ua wetu ulikuwa mfupi. Mama Prof alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alimwambia aende. Alisema amengoja vya kutosha, yeye atabaki na watoto, na dada yake atakuja kumsaidia. Hakulia wala hakununa. Alisema kama mtu anayefungua lango.

Prof aliokota jani lililoanguka chini, akamrudishia. Kisha akasema, "Kule, mungine anaweza kuifanya. Hapa hakuna."

Baada ya hapo aliingia ndani akaanza kusahihisha madaftari.

Watu walimsifu. Mkuu wa shule alimsimamisha mbele ya wazazi na kumwita mfano wa mzalendo, naye akatoka ukumbini kabla makofi hayajaisha. Mimi niliyeishi karibu naye nasema mwaka ule hakuwa mtu mzuri. Alikuwa mkali kwa wanafunzi kupita kiasi. Aliwafundisha hadi Jumapili baada ya ibada, aliwarudishia karatasi zimechanwa, na yule msichana mwenye maswali makubwa alimfanya alie mbele ya wenzake kwa sababu ya alama moja ya kutoa. Nyumbani hakupiga mluzi. Uani hakukaa. Mlango wa jiko ulibaki na hesabu za zamani tu, na Mama Prof, ambaye sasa hakuna aliyemkataza, hakuufuta.

Msichana yule nilikutana naye baadaye, akiwa muuguzi mkubwa Likasi. Tulimzungumza Prof kwa muda mrefu. Alisema, "Alibaki ju yetu, na hakutusamehe mpaka tulipofaulu." Walifaulu wengi. Siku matokeo yalipotangazwa redioni Prof alikuja kwangu na chupa ya bia ya Simba, yeye ambaye dini yake ilimkataza, akanimiminia mimi yote na kukaa akitazama povu. Nafasi ya milimani alikuwa ameshapewa mtu mwingine.

Miaka iliyofuata ilimpunguza kama ilivyotupunguza sote. Mshahara wa mwalimu ulifika kuwa kitu cha kuchekea. Mama Prof alishona nguo za watu mpaka macho yakamuuma. Nami nilihamishiwa Kingamyambo, kwenye marundo ya mabaki ya zamani ya kiwanda, kupima kama yana shaba na kobalti ya kutosha kusafishwa tena, nikalala kambini na kurudi nyumbani siku za mapumziko tu. Siku moja niliporudi, nyumba ya jirani ilikuwa na watu wengine. Walikuwa wamehamia Musumba, upande wa Kapanga, kwenye ardhi ya jamaa za mkewe, kulima.

Sikutegemea kumkosa kiasi kile. Nilikuwa na marafiki wa kazini, na ndugu, na kaka yangu mwenyewe mtaa wa pili. Lakini kiangazi kikifika, giza likiingia kabla ya chakula, nilikuwa nikisikia nimesahau jambo. Nilitoka nje, nikasimama, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mke wangu alisema, mbona siku hizi chakula hakipoi.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilimwomba Hadji nafasi katika lori lake la Kapanga. Alikuwa mzee sasa na wanawe ndio walioendesha mambo, lakini alimkumbuka mteja wake wa maharagwe, akakataa nauli. Barabara ile usiiulize. Tulilala njiani, tukasukuma, tukakata miti ya kuweka chini ya magurudumu. Musumba tulifika adhuhuri, na dereva akasema anashusha chumvi na sabuni, anapakia mihogo mikavu, anaondoka kabla jua halijazama.

Nilimkuta shambani, na alinitambua. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kujitambulisha. Alisimama na jembe lake akasema, "Labo," jina aliloniitia zamani, akanishika mabega yote mawili. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zote, na anatembea sasa ameinua kichwa kwa sababu ya mgongo kukakamaa. Mama Prof aliua kuku. Tulikula bukari na kuku na matembele chini ya kipaa cha jiko, wakaniuliza habari za mtaa nyumba kwa nyumba, nani amekufa, nani amejenga, na kila nilipotaja jina Prof alimtazama mkewe amweleze ni yupi.

Nilimuuliza kama bado anahesabu, maana Musumba hapakuwa na taa hata moja ya kumsumbua. Akasema miezi ya kwanza alihesabu. Kila jioni, kishamba kimoja. Lakini zilikuwa nyingi mno, alipoteza mahali, akaanza upya, akapoteza tena. Macho nayo yalikuwa yamechoka. Siku moja aliiweka fremu chini akakaa tu, na tangu hapo anakaa tu.

Mama Prof alipoondoka kuchukua maji ya kunawa, nikamuuliza jambo nililokuwa nalo miaka yote. Nilimuuliza kama anajuta.

Hakukasirika. Alifikiri, akitoa nyuzi za kuku kwenye meno.

"Majuto sina," alisema. "Hamu ndiyo niko nayo. Ile ni bitu mbili, Labo. Majuto, unaomba radhi, inakutoka. Hamu, utaomba nani radhi?"

Kisha akasema kwamba kuna kishamba kimoja cha kusini kabisa ambacho alikuwa akikiwaza zaidi ya vingine. Si kizuri. Hakina nyota kubwa hata moja. Alikuwa akikiwaza kwa sababu alijua kwamba hakuna atakayekipima kwa kupenda, watakipima kwa sababu kimo kwenye orodha, na yeye angekipima kwa kupenda.

Jua lilikuwa limeshuka. Mtoto mmoja alikuja kuniambia lori limejaa. Prof alinisindikiza, mkewe nyuma yetu na fungu la karanga la kumpelekea mke wangu. Alinionyesha mahali panapotota wakati wa mvua, na nyumba ya pasta, na mti ambao nyuki walikuwa wameuhama. Kwenye lori vijana walinivutia mzigo juu. Nikamwambia Prof nitarudi kiangazi kijacho, na tulijua wote wawili barabara ilivyo. Alinipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kiganja cha mkulima, hakikuwa tena na chaki.

Dereva akapiga honi. Prof hakuuachia mkono wangu. Honi ikapigwa tena, nami sikuuvuta.